Utani Unaokula Malalamiko: Mashabiki wa Simba na Yanga na Maneno Yao juu ya Wenye Timu

Mwalimu wetu mmoja wa fasihi simulizi ana kawaida ya kutufukuza maktaba. "Nendeni mkasikilize watu," husema. Nasi huenda. Wengi wetu huenda kijijini kwa bibi, tukarudi na daftari limejaa sungura na fisi na vitendawili vilivyokwisha kuchapwa mara kumi. Sina ugomvi na sungura. Lakini hapa hapa mjini, kwenye vijiwe vya kahawa na vibanda umiza, kuna watu wazima wanaotunga kila siku ya Mungu. Wanashindana kwa maneno, wana mafundi wao, wana miiko yao, na wana hadhira inayojua papo hapo nani kapatia na nani kachemsha. Hakuna anayewaandika, kwa sababu wanazungumza mpira, na mpira kwa wasomi wengi ni mambo ya wahuni.

Makala haya yanakusudia kuwasoma watu hao kama tunavyowasoma watunzi wengine. Magoli nitayagusa kwa kupita tu. Ninachotaka kukisikiliza ni jambo moja linalowachoma mashabiki wa Simba na Yanga kwa muda mrefu kuliko kipigo chochote: nani mwenye timu, nani kampa, na anaiendeshaje. Hoja yangu niiseme mapema, ili anayetaka kuipinga aanze kujiandaa. Mashabiki hawa wana manung'uniko mazito na ya haki, ila hawana utanzu wa kuyasemea. Utanzu walio nao, na ambao wameufikisha kwenye ubingwa, ni utani. Na utani wa Simba na Yanga, kama ulivyo leo, unakula malalamiko huku unacheka.

Tuanze na mambo yanayojulikana. Yanga ilianzishwa mwaka 1935 na Simba 1936, zote mbili Dar es Salaam, zote mbili zikiwa klabu za wanachama. Simba ilipitia majina kadhaa, ikakaa muda mrefu na jina la Sunderland, hadi 1971 ilipoitwa Simba. Mwanachama ana kadi, analipa ada, ana katiba, na ana mkutano mkuu ambamo anaruhusiwa kunyoosha mkono. Kwa maandishi, basi, mwenye timu ni muuza mitumba wa Kariakoo na dereva wa lori wa Mwanza. Watu wa Yanga wamelifanya jambo hili kuwa jina kabisa: wao ni Wananchi, na timu yao ni Timu ya Wananchi. Aliyelitunga alikuwa fundi. Kwa neno moja amewafanya wapinzani wawe wageni nchini kwao. Lakini neno hilo lina upande wa pili ambao nadhani hakuukusudia, maana mwananchi naye ni mwenye nchi kwa namna hii hii: ana kadi, ana katiba, na kila baada ya miaka kadhaa anaruhusiwa kunyoosha mkono.

Simba nao wana Nguvu Moja. Kama kaulimbiu ni fupi, ina mshindo, inaimbika. Ila ukiitazama kwa jicho la uhakiki utaona kwamba ndani ya nguvu moja hakuna kiti cha mtu wa pili mwenye mawazo tofauti. Anayeuliza swali amekwisha kuwa nguvu ya pili.

Hebu sasa tuisikilize sarufi ya kijiweni. Timu ikishinda utasikia "tumewapiga", "tumewakalisha". Ikisajili utasikia "tumeshusha mashine". Huyo anayesema "tumeshusha" hakuulizwa lolote, jina la mchezaji amelisikia redioni kama sisi wote, lakini kiambishi tu- kimemketisha meza moja na waliotia saini. Timu ikifungwa kiambishi kinahama: "wanacheza hovyo", "wameuza mechi". Hadi hapo hakuna jipya, mashabiki wa dunia nzima wako hivyo. Ila fuatilia kinapohama mara ya tatu, pale mazungumzo yanapofika kwenye fedha: "kaleta hela yake", "ni timu yake bwana", "huyu akiondoka tumekwisha". Nafsi ya tatu umoja. Mtu aliyesema "tumewapiga" saa kumi na mbili jioni, saa moja usiku anasema "timu yake", na haoni mgongano wowote katika kinywa chake. Mgongano huu ndio mgogoro wote wa umiliki wa klabu zetu, na umo ndani ya viambishi vitatu.

Huyu anayetajwa kwa nafsi ya tatu umoja amekuwa akibadilishiwa jina. Katika miaka ya 1980 na 1990 aliitwa mfadhili. Mfano ambao wazee wa Msimbazi hawachoki kuusimulia ni Azim Dewji, mfadhili wa Simba ilipofika fainali ya Kombe la CAF mwaka 1993, ikatoka suluhu Abidjan na kufungwa 2–0 na Stella hapa hapa nyumbani. Neno mfadhili lina fadhila ndani yake, na fadhila ina adabu zake. Aliyefadhiliwa haombi hesabu, anashukuru. Akithubutu kuuliza, methali zipo tayari kumnyamazisha: ataambiwa fadhila za punda ni mateke, na yeye ndiye punda. Kwa hiyo katika enzi ya mfadhili shabiki alifungwa mdomo na maadili yake mwenyewe, yale aliyofundishwa nyumbani.

Kisha akaja mdhamini, huyu mwenye nembo kifuani mwa jezi na mkataba wa miaka. Mdhamini hana mvuto kifasihi. Mwaka 2017 kampuni moja, SportPesa, iliwadhamini watani wote wawili kwa wakati mmoja, na hakuna hata tawi moja lililosimama kuuliza inakuwaje. Mdhamini haingii katika masimulizi kwa sababu hana sura ya mtu. Tumwache.

Jina la tatu ni mwekezaji. Hili ni zito, kwa sababu mzizi wake ni kuweka, na hakuna anayeweka asitarajie kutoa. Desemba 2017 wanachama wa Simba waliipokea zabuni ya Mohammed Dewji ya shilingi bilioni 20, na utaratibu uliowekwa na serikali ukachora mpaka: asilimia 51 kwa wanachama, 49 kwa mwekezaji. Namba hizi mbili zimekuwa sehemu ya lugha. Nimesikia mtu akimtania mkewe kwamba yeye ndani ya nyumba ana 49. Ni tarakimu zilizobeba ahadi kubwa, kwamba yule muuza mitumba bado ni mwenye timu, tena kwa wingi wa kura.

Ila kijiweni hawasemi mwekezaji. Wanasema tajiri. Na hapa naomba msomaji asimame nami kidogo, maana neno hili ndilo lililonifanya niandike. Katika Kiswahili cha mjini tajiri si mtu mwenye mali tu. Konda wa daladala anapotaja tajiri anamtaja mwenye gari, yule ambaye jioni lazima apelekewe hesabu. Fundi wa gereji ana tajiri. Muuza maji ana tajiri. Tajiri ni mwenye chombo, na wewe uliye kwenye chombo ni mtu wa kupeleka hesabu kwake. Shabiki anapomwita mwekezaji wa klabu yake tajiri, anadhani anamsifu. Kumbe amejigeuza konda. Katika uhusiano wa tajiri na konda, hesabu huenda upande mmoja tu, na haijapata kutokea konda akamwambia tajiri wake, "Bosi, leo nionyeshe wewe daftari." Wenye 51 wamechagua neno la mtu asiye na hata moja. Wala hawakulazimishwa na yeyote. Walilichagua wenyewe, kwa mapenzi.

Mtu atasema nachambua neno moja kupita kiasi. Huenda. Basi nieleze nilichokiona.

Kijiwe kimoja cha kahawa Manzese, jioni, watu kama kumi na wawili. Mzee mmoja fundi cherehani, mwanachama mwenye kadi, mtu mpole, aliuliza kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Hivi jamani, mapato ya mechi ile ya juzi yalikuwa kiasi gani? Uwanja ulijaa."

Kimya kidogo. Kisha kijana mmoja: "Mzee wangu, unauliza ili iweje?"

"Nataka kujua tu. Si klabu yetu?"

"Wewe umetumwa."

"Nimetumwa na nani, mwanangu?"

"Na watani zako hao. Wamekupa shilingi ngapi?"

Kijiwe kizima kikapasuka kwa kicheko. Na fundi naye alicheka. Alicheka kwa sababu utani ulikuwa mzuri, ulikuja kwa wakati wake, na mtu asiyecheka utani mzuri anaonekana hana akili timamu. Muuza kahawa akaongeza vikombe. Swali halikurudi tena, na jibu nina hakika lingeweza kupatikana kama lingetafutwa. Sikutaja timu ya kijiwe kile, na msomaji naomba asinilazimishe. Kingekuwa cha upande wa pili, maneno yangekuwa yale yale.

M. M. Mulokozi, katika uainishaji wake wa tanzu za fasihi simulizi uliochapwa mwaka 1989, aliyaweka malumbano ya watani ndani ya utanzu wa mazungumzo, pamoja na hotuba na soga. Nadhani alipatia. Utani ni sanaa, una kanuni, na kanuni ya kwanza ni kwamba hakuna kukasirika. Lakini wazee wetu waliotaniana, tuseme Wazaramo na Wanyamwezi, walikuwa na kanuni nyingine ambayo vijiwe vyetu vimeisahau. Mtani alikuwa na kazi. Kwenye msiba ndiye aliyeshika jembe, ndiye aliyewachangamsha wafiwa, na ndiye peke yake aliyeruhusiwa kusema mbele ya watu wote kwamba marehemu alikuwa mchoyo au kwamba watoto wake walimtupa. Ukoo ulinyamaza, mtani alisema. Alikuwa na leseni ya kutukana kwa sababu alikuwa na wajibu wa kusema kweli. Utani wa Simba na Yanga umeichukua leseni ukauacha wajibu.

Tazama swali la bilioni 20. Kwa miaka kadhaa baada ya 2017 lilizunguka mjini: zimelipwa lini, zimekaa wapi, zimefanya nini. Ni swali halali. Jibu lake linaweza kuwepo na likawa safi kabisa, mimi hapa simhukumu mtu. Ninachohakiki ni kinywa kilichouliza. Waliolipigia kelele zaidi walikuwa watu wa Yanga, na waliliuliza kwa kicheko. Mara tu lilipotoka kinywani mwa mtani lilikoma kuwa swali likawa kijembe, na kijembe hakijibiwi kwa hesabu, hujibiwa kwa kijembe. Mwana Simba aliyetaka kwa dhati kujua sasa alikuwa na tatizo: swali lake limekwisha kuvaa jezi ya kijani na njano. Akiliuliza, anaonekana ameazima nguo za jirani. Nani atamsikiliza? Mtani wa zamani angesema ili ukoo usikie. Mtani wa leo anasema, na kwa kusema kwake ukoo unaziba masikio.

Na upande wa Jangwani hawana la kucheka hapa. Agosti 2016 mkutano wa wanachama wa Yanga ulikubali klabu ikodishwe kwa miaka kumi kwa Yusuf Manji, ambaye wakati huo huo ndiye alikuwa mwenyekiti wa klabu. Mpangaji na mwenye nyumba katika mwili mmoja! Mwandishi wa tamthilia akituletea kisa hicho darasani tutamwambia apunguze chumvi. Waliohoji walikuwepo, wakaitwa wasiopenda maendeleo, au watu wa Simba. Mpango wenyewe haukwenda mbali, na Mei 2017 Manji akajiuzulu uenyekiti. Lakini hadi leo kisa hicho kinasimuliwa kijiweni kama kioja cha upande mmoja kuuchekesha upande wa pili. Hakisimuliwi kamwe kama kisa cha watu waliokuwa na nyumba yao wakainyooshea mikono ipangishwe.

Mfano unaouma zaidi ni wa Julai 2024. Ilijulikana wakati huo kwamba wanachama wachache wa Yanga, wazee, walikuwa wamekwenda Mahakama ya Hakimu Mkazi Kisutu kupinga uhalali wa katiba ambayo klabu ilikuwa inaitumia. Siandiki haya kuitetea hoja yao ya kisheria, mimi si mwanasheria. Naandika juu ya mapokezi. Mzee mmoja kati yao kwa muda wa wiki moja akawa mhusika wa vichekesho nchi nzima. Simba walimpa ushujaa wa mzaha, wakamwimbia sifa kama mchezaji wao aliyesajiliwa kwa siri. Yanga wakamwita mamluki. Pande mbili zilizohasimiana zikashirikiana kikamilifu, bila kupanga, kuhakikisha kwamba hakuna anayesikiliza alichosema. Niliposikia watu wakicheka nami nilicheka. Nilipokwenda kutafuta hoja yake ilikuwa nini hasa, niliona aibu kwamba nilicheka kwanza.

Mamluki. Pandikizi. Msaliti. Katika masimulizi ya kijiweni wahusika bapa ni wachache, na huyu ndiye anayependwa kuliko wote, kwa sababu anaeleza kila kitu. Tukifungwa, kipa kahongwa. Novemba 5, 2023 Yanga waliifunga Simba 5–1, na siku mbili baadaye kocha Robertinho akawa ameachishwa kazi. Vijiwe vya Simba viliwaka moto juu ya nani kauza, nani kala, nani ana mguu wa pili kule. Simba walikuwa na kumbukumbu yao ya 5–0 ya Mei 6, 2012 ya kujifariji. Kote huko sikumsikia mtu akiuliza nani anachagua kocha, kwa utaratibu gani, na mwenye 51 aliulizwa lini. Masimulizi ya msaliti ni matamu kwa sababu yana mtu wa kumnyooshea kidole. Muundo wa umiliki hauna uso, hauwezi kuzomewa. Ndiyo maana mwaka 2021 mwenyekiti wa bodi ya Simba alipoondoka akaja mwingine, na Juni 2024 wajumbe wakajiuzulu na yule wa kwanza akarudi, kijiweni ilisimuliwa kama ngano ya mfalme aliyekwenda safari akarejea kuikuta nyumba imechafuka. Watu walifurahi, wakapumua. Na kwa kweli ni ngano nzuri, ila katika ngano ya mfalme wananchi hawana kazi isipokuwa kusubiri arudi.

Wapo wenzangu darasani wanaonijibu kwamba shabiki hajali umiliki, anajali vikombe. Hoja hii siidharau, maana ina ushahidi. Simba walichukua ligi mara nne mfululizo kuanzia msimu wa 2017/18, wakazoea robo fainali za Afrika. Yanga nao wakajibu kwa mara nne zao kuanzia 2021/22, na mwaka 2023 wakafika fainali ya Kombe la Shirikisho wakalikosa kwa goli la ugenini tu. Fedha za matajiri zimefanya ambayo ada za wanachama hazikuyafanya kwa miaka themanini. Mtu aliyeshiba huwezi kumwambia aamke usiku kukagua ghala. Sawa. Lakini nenda ukamsikilize aliyeshiba huyo huyo siku mambo yanapoharibika.

Machi 8, 2025 ni siku moja kama hiyo. Simba walisema walizuiwa kufanya mazoezi Uwanja wa Benjamin Mkapa usiku wa kuamkia mechi, wakatangaza hawachezi. Mechi ikaahirishwa siku ile ile. Watu walikuwa wamekwisha kuingia mjini kutoka mikoani, wengine wamelala kwenye mabasi. Baada ya hapo Yanga nao wakaweka msimamo wao, miezi ikapita, hadi mechi ikachezwa Juni 25, Yanga wakashinda 2–0. Katika miezi yote hiyo jambo lililozungumzwa lilikuwa moja: nani kamkimbia nani. Lilitungiwa vijembe vya kila aina, vingine vya kiwango cha juu kabisa, nakiri. Waliolala kwenye mabasi walikuwa wa timu zote mbili. Walikuwa na hasara moja, hasira moja, na wa kuwauliza ni wale wale. Hawakupata sentensi hata moja ya kusema pamoja, kwa sababu Kiswahili cha mpira hakina nafsi ya kwanza wingi inayowachukua wote wawili. "Sisi" ya kijiweni lazima iwe na "nyie" ya kuchekwa.

Si kwamba jambo hilo haliwezekani popote. Vijana wengi hapa chuoni ni mashabiki wa Manchester United, basi watakumbuka. Familia ya Glazer ilipoinunua klabu ile mwaka 2005 kwa fedha za mikopo na deni likabebeshwa klabu yenyewe, kundi la mashabiki lilijitoa likaanzisha timu yake, FC United of Manchester. Waliobaki, mwaka 2010 walitoka na skafu za kijani na dhahabu, rangi za Newton Heath, jina la klabu kabla ya 1902. Kifasihi hiyo ni ishara iliyokomaa. Rangi nyekundu ilikuwa imekwisha kuwa bidhaa ya mwenye klabu, ukiivaa unamwongezea faida. Wakaenda kwenye historia wakatafuta rangi ambayo ni ya klabu lakini si yake. Anayevaa anasema mambo mawili kwa pamoja: naipenda, na simtaki. Huku kwetu hakuna vazi linaloweza kusema mambo hayo mawili. Ukiacha kuvaa nyekundu, umevaa ya Yanga. Kisha Aprili 2021, klabu sita za Uingereza zilipotangaza kujiunga na ligi yao ya matajiri, mashabiki wa timu zinazochukiana walipinga kwa sauti moja, na ndani ya siku chache zote sita zikajitoa. Ujerumani, Februari 2024, mashabiki wa timu mbalimbali walirusha mipira ya tenisi viwanjani wiki baada ya wiki hadi mpango wa ligi kumwuzia mwekezaji sehemu ya mapato yake ukafutwa. Siwasifu Wazungu kupita kiasi. Glazer hawakuondoka kwa sababu ya skafu, na hata mwaka 2024 alipoingia Jim Ratcliffe walibaki na sehemu kubwa. Lakini hakuna aliyewaambia wenye skafu kwamba wametumwa na Liverpool.

Na sisi tumewahi kuwa na kitu cha namna hiyo, hili ndilo linalonishangaza. Katika mgogoro wa Yanga wa katikati ya miaka ya 1970 waliotofautiana na uongozi walitoka, na kutokana na kutoka kwao ikapatikana Pan African, ambayo mwaka 1982 ilichukua ubingwa wa nchi. Miaka ya mwisho ya 1990 Yanga ikagawanyika tena, kukawa na Yanga Asili na Yanga Kampuni. Yatazameni majina hayo! Kila upande umeweka hoja yake nzima katika neno moja: klabu ni urithi, au klabu ni mali inayosajiliwa na kugawanywa hisa. Mjadala wa 51 na 49 wote ulikuwemo humo, miaka ishirini kabla, kwa Kiswahili, umetungwa na watu wa Kariakoo bila semina wala mshauri. Wakati ule tuliona ugomvi tu, tukacheka. Hakuna tasnifu hata moja niliyoikuta katika maktaba yetu juu ya maneno yale mawili. Juu ya sungura ziko kumi na moja, nimehesabu.

Simtaki mtu aache utani. Bila utani mechi ile ni watu ishirini na wawili na mpira. Nauliza tu kama mtani anaweza kurudishiwa jembe lake. Mwana Yanga aseme "bilioni 20" kama mtani wa msibani, akiwa na maana ya kutaka ukoo wa Simba ujue. Mwana Simba amsikilize mzee wa Kisutu kabla ya kumgeuza shujaa wa mzaha. Utanzu ni ule ule, mafundi ni wale wale, kinachobadilika ni nani anatakiwa asikie.

Rasimu ya makala haya niliwapa wenzangu watatu wa darasa waisome. Wawili walisahihisha tahajia. Wa tatu aliirudisha bila alama yoyote, akaniuliza, "Sawa kaka, lakini wewe timu gani?" Nikamwomba asome tena ile sehemu ya fundi cherehani. Akasoma, taratibu, akatikisa kichwa kwamba ameelewa.

"Nimeelewa," akasema. "Ila timu gani?"